Vijana Watatu wa Gendabi

Dar es Salaam,
3 Februari 2025

Mjomba Agustino,

Shikamoo. Najua utautazama mwandiko kwanza ndipo usome, kama zamani, basi nisamehe. Siku hizi mkono wangu haushiki kalamu, unabonyeza tu. Nimekupigia simu mara nne. Mara mbili ilikata, mara mbili ulinijibu "naam, naam, sawa" ukakata mwenyewe bila kusikia hata neno moja. Kwa hiyo nimerudi kwenye barua. Nampa kondakta wa basi la Mbulu, na wewe nijibu kwa njia hiyohiyo.

Mimi mzima, joto tu ndilo linataka kunimaliza. Jana nilikaa ofisini nikaukumbuka ukungu wa Tumati, na moshi wa jiko la mama Bernadina, Mungu ampumzishe, nikajikuta natabasamu peke yangu kama kichaa. Halafu nikaikumbuka Gendabi. Ile zahanati ya vyumba viwili, wagonjwa chumba cha mbele, sisi tunalala cha nyuma. Ulinipa kopo la punje za mahindi na bakuli. Kila mgonjwa akitoka, punje moja. Jioni unalinganisha na rejista, zikipungua unaniambia, "Fausta, mtu wetu mmoja umemwacha nje." Jamani, nilikuwa nalia kweli. Nilidhani kuna mtu yuko nje anapigwa na upepo wa mlimani kwa ajili yangu.

Kazi yangu ya sasa ndiyo hiyohiyo, ila bakuli limekuwa nchi nzima. Tunahesabu wagonjwa wa uvimbe wa ubongo: wangapi, wana umri gani, wametoka wapi, wamepona au hawakupona. Nchi yetu haijawahi kujua vizuri. Tunakusanya mafaili ya hospitali zenye mashine za kupiga picha ya kichwa, tunaweka kwenye jedwali moja. Ramani yenyewe ukiiona utacheka, au utalia. Palipo na mashine pana namba kubwa, pasipo na mashine pana sifuri. Mtu asiyejua atasema, ah, huko watu wana afya njema. Mimi nikiona sifuri namwona mtu amelala ndani kashika kichwa, na majirani wanasema karogwa.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Kata kubwa za mikoa mingi hazina hata mgonjwa mmoja kwenye jedwali letu. Gendabi yetu ina watatu! Vijana wa kiume watupu, ndani ya mwaka mmoja, na uvimbe wa aina moja. Wa kwanza anaitwa Kelvin Tomaso, miaka 29, picha ya Septemba 2023. Wa pili Safari Ignasi, miaka 33, Februari 2024. Wa tatu Kelvin Onesphory, miaka 27, Agosti mwaka jana. Hospitali tatu tofauti. Najua sitakiwi kumwandikia mtu wa nje majina ya wagonjwa, lakini wewe ulikuwa tabibu wa pale miaka ishirini na miwili, na mdomo wako naujua.

Sikufichi, mkuu wangu amefurahi. Watu watatu mahali padogo vile, kwa mtu wa takwimu ni dhahabu. Anataka kutuma timu ije kupima maji ya Gendabi. Hebu niambie, Mjomba, kuna kitu kwenye maji yale? Na hao vijana unawajua?

Mwanao,
Fausta


Tumati,
14 Februari 2025

Binti yangu Fausta,

Marahaba. Mwandiko umeharibika, na nimeshasema.

Hapa tunaendelea. Maharage yamekubali, mahindi yanasubiri mvua. Magoti yangu ndiyo yamegoma, yanataka nipande mlima kwa awamu. Tekla, yule binti wa jirani, ananichotea maji, na kila akiweka ndoo chini ananiuliza utakuja lini. Namwambia muulize mwenyewe. Kila Krismasi tunakuwekea sahani, halafu anaila Tekla.

Umenikumbusha punje za mahindi, nikakaa na barua yako mapajani hadi chai ikapoa. Hukujua jambo moja. Jioni nyingine punje zilikuwa zinazidi watu, kwa sababu ulikuwa unamhesabu na mke wangu Bernadina kila akipita na ndoo. Nilikuwa nazitoa kimyakimya ili usilie.

Sasa maji. We mtoto, usinitibue! Maji ya Gendabi umeyanywa toka una miaka mitano hadi kumi na sita. Yamekupaka meno rangi ya kahawia kama sisi wote, lakini akili hayajakupunguza, maana ndizo zilizokupeleka huko. Watu wa Gendabi na Hanang nzima wamechoka kupimwa. Anakuja mgeni na gari jeupe, anachota chupa tatu, anaondoka, harudi kusema alichokiona. Na wale watu bado wana kovu la matope ya mlima yaliyowazika ndugu zao Katesh. Mkipeleka habari kwamba maji yanaotesha uvimbe kichwani, nani ataolewa huko, nani atanunua maziwa ya huko? Mwambie mkuu wako apime kwanza maji ya kwake.

Halafu hao vijana wako hawapo. Nakwambia hawapo. Tomaso wa Gendabi namjua mmoja, katekista, na Mungu hakumjalia mtoto. Ignasi ni kondakta wa basi la Katesh, ana miaka ishirini na minne. Amemzaa lini mwana wa thelathini na tatu? Onesphory ana watoto watano, wote wasichana, na wa mwisho ndiyo kwanza anaota meno. Vijana wako ni hewa.

Mimi kwenye rejista yangu nilikuwa nachora mstari mmoja ambao wizara haikuuweka, nikaandika juu yake "aliyemleta". Wakaguzi walinigombeza kila mwaka. Lakini mtu wa kichwa hajisemei mwenyewe, Fausta. Anakuja amefumba macho, anatapika, anayesema ni mwingine. Kwa hiyo usiniulize mimi. Uliza nani aliwaleta hao watatu.

Kwangu mimi mgonjwa wa namna hiyo hajafika. Ningekumbuka.

Mjomba wako,
Agustino Qamara


Dar es Salaam,
24 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema.

Niliomba mafaili yenyewe, siyo jedwali. Faili la kwanza: ameletwa na mke, Scolastica. La pili: ameletwa na mke, jina halikuandikwa. La tatu: mke, Scolastica. Nikaziomba picha zote tatu, nikaziweka kwenye kioo kimoja, nikamwita daktari wa picha. Hakuchukua hata dakika moja. Akasema, "Dada, huyu ni mtu mmoja. Tazama mfupa wa paji, tazama hili jino lililong'olewa. Ni uvimbe mmoja unaokua." Picha ya kwanza ni kama harage. Ya tatu ni kama yai la kuku.

Mjomba, hatuna vijana watatu. Tuna kijana mmoja ambaye nimemhesabu mara tatu.

Uvimbe wenyewe siyo saratani. Umeota kwenye utando unaoufunika ubongo, unabana mishipa ya macho. Ni ule ambao mpasuaji akiupata mapema anautoa wote na mtu anarudi shambani kwake. Hospitali ya tatu ilimpa tarehe ya upasuaji, Oktoba mwaka jana. Kwenye faili wameandika neno moja, "Hakurudi." Namba ya simu nimeipiga mpaka nimechoka, haipatikani. Na nitamtafuta vipi, jina lenyewe la uongo? Daktari anasema kama yuko hai, sasa hivi anapoteza macho, na baada ya macho ni roho.

Nimekasirika, nakwambia ukweli. Mwanamke gani anampeleka mumewe hospitali tatu na kila mahali anamtungia ukoo mpya? Anaficha nini? Amemwiba mume wa mtu? Angesema jina moja tu, lolote, mara zote tatu, mafaili yangefuatana, angetafutwa.

Mkuu sijamwambia bado. Ameshaandika ukurasa wa kwanza.

Unamjua Scolastica yeyote pale?

Fausta


Tumati,
5 Machi 2025

Fausta,

Nimesoma barua yako nikacheka kwa sauti, halafu nikaona aibu ya kucheka.

Umekaa Gendabi miaka kumi na moja na umesahau? Huyo Scolastica hajamwiba mtu. Ni mke wa Kelvin. Kelvin, mwana wa Gidahosh! Yule mtoto mwembamba aliyekuwa analisha ndama nyuma ya zahanati, mnagombania matunda pori naye. Nyumbani wanamwita Safari kwa sababu alizaliwa wakati wanahama na ng'ombe. Na wewe ndiye uliyekuwa unatumwa kwa Gidahosh kila asubuhi kuchukua maziwa, yale yenye harufu ya moshi wa kibuyu, ambayo mpaka leo sijaonja mengine mfano wake.

Kumbuka sasa. Ulikuwa na miaka saba. Ulimkuta mke wa mwanawe mkubwa anakamua, ukamuuliza maziwa ni ya nani, akasema ya mwenye boma. Ukamng'ang'ania, "Sema Gidahosh! Sema Gidahosh!" ukidhani hajui kutamka, unamfundisha. Yule mama aliweka kibuyu chini akakimbia. Bernadina alikukamata mkono, akabeba debe la viazi, mkaenda kuomba radhi. Wale ndugu zetu Wabarbaigi, mke hataji jina la baba mkwe. Halitaji akiwa naye, halitaji akiwa peke yake kisimani, hata neno linalofanana nalo analikwepa. Siyo mchezo na siyo woga. Ni heshima, amelelewa nayo kama wewe ulivyolelewa na shikamoo.

Basi fikiria amesimama kwenye dirisha la hospitali, foleni nyuma yake. "Jina la mgonjwa?" Kelvin. "Kelvin nani?" Hapo afanye nini?

Kwangu hakuwahi kupata shida hiyo. Nilikuwa namwona tu anakuja, naandika mwenyewe. Jina lilikuwa kichwani mwangu, siyo mdomoni mwake.

Na hapo ndipo ninapotakiwa kukuambia kitu, na nimeanza ukurasa huu mara tatu. Nilikuambia mgonjwa huyo hakufika kwangu. Alifika. Mwezi wa sita 2023, Scolastica alimleta hapahapa Tumati, wamepanda na kushuka mabasi siku nzima kwa sababu hawakumwamini mwingine. Kelvin alisema kichwa kinamuuma asubuhi, anatapika, anajikwaa kwenye vitu vya pembeni. Fausta, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeshtuka. Mimi nilimtazama macho kwa tochi, nikampa paracetamol, nikamwambia akanunue miwani. Nilikuwa nimestaafu, nimezoea kusifiwa, watu wanakuja mpaka nyumbani, nikajiona bado najua kila kitu. Kama ningeandika mistari mitatu tu ya rufaa, "Kelvin Gidahosh, chunguza kichwa," karatasi ingesema lile jina kwa niaba yake kila alikokwenda. Sikuandika. Mwongo kwenye habari hii ni mimi, siyo yule binti.

Nimeuliza. Gidahosh na watu wake walihama na ng'ombe toka mwezi wa tisa, wako Yaeda Chini kwa ndugu zao. Ndiyo maana simu haipatikani. Nitakwenda.

Agustino


Dar es Salaam,
12 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimelia, halafu nikapata hasira na wewe, halafu hasira ikaisha. Hayo tutayaongea tukikaa, siyo kwenye karatasi. Kelvin! Alinifundisha kupiga mluzi kwa jani. Nimemwandika mara tatu kwa mikono yangu na sikumjua.

Nimemwambia mkuu. Alivua miwani, akafuta ukurasa. Baadaye akanifuata mezani akasema tuanze kuyapitia mafaili yote ya nchi upya, maana kama yupo mmoja wa hivi wapo wengine. Timu ya maji haiji.

Nimeongea na mpasuaji. Atamchukua akifika kabla ya Pasaka. Macho hawezi kuahidi. Roho, akiwahi, anaahidi. Waje na watu wa kutoa damu.

Lipo jambo moja, na naona haya kuliandika. Watu wa kumbukumbu hawaruhusu apasuliwe mtu mwenye majina matatu. Karatasi yangu haitoshi, wala yako, kwa sababu sisi siyo ndugu zake Kelvin wa damu. Wanataka hati ya kiapo: ndugu asimame mbele ya wakili, ataje kwa mdomo wake jina la kweli la mgonjwa, aseme hayo mengine matatu ni ya mtu huyohuyo. Na kwenye mafaili yote ndugu ni mmoja, Scolastica.

Yaani miaka yote hii imepita, na mimi ni yuleyule anayemng'ang'ania mke wa watu, sema Gidahosh.

Nenda, Mjomba. Lakini usipande pikipiki peke yako kwenye ule mteremko, nakuomba.

Fausta


Mbulu mjini,
23 Machi 2025

Fausta,

Nilipanda pikipiki. Margwe, kijana wa bodaboda wa hapa, aliendesha, mimi nikafumba macho. Kule chini jua linakausha mpaka mate, na njia ni mawe na mchanga tu. Tuliwapata siku ya pili, ng'ambo ya mbuga.

Gidahosh alinitazama akasema, "Agustino, umezeeka vibaya." Nikamwambia yeye amezeeka vizuri kwa sababu hafikiri. Alicheka kile kicheko chake cha Gendabi, ng'ombe wote wakageuka. Tukakaa, tukanywa maziwa. Tulikumbuka ule mwaka wa kipindupindu, alipoleta fahali kuwalisha wagonjwa wangu, Wairaqw na Wabarbaigi, bila kuuliza nani ni wa nani. Aliuliza habari za kaburi la Bernadina kama limepandwa maua. Kwa nusu saa, Fausta, tulikuwa vijana.

Halafu Kelvin akaja amemshika mke wake bega. Alinisalimia akitazama pembeni kidogo ya mahali nilipokaa. Miwani aliinunua kweli. Binti yao anaichezea.

Scolastica alipokwenda kuteka maji nilimweleza mzee yote. Picha tatu, majina matatu, na miwani. Nilimwambia kosa ni langu. Nikamweleza habari ya kiapo, kwamba mkwe wake atatakiwa kulitaja jina. Akainuka, akachukua fimbo, akaenda kwa ng'ombe. Nilimngoja mpaka jua likakaribia kuzama, hakurudi. Miaka arobaini namjua mtu huyu na sikuweza kumsoma usoni. Sijui ni hasira, sijui ni huzuni. Labda urafiki wetu nimeuacha kule mbugani.

Kelvin na mke wake watapanda basi Jumapili ya tarehe 30. Ndugu wawili watakuja kutoa damu. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Scolastica, kaiandika mwenyewe, karatasi ikiwa juu ya debe. Isome kwa upole.

Agustino


Yaeda Chini,
20 Machi 2025

Kwako dada Fausta,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo kidogo. Hunijui lakini mume wangu anakutaja, anasema ulikuwa unalia ovyo.

Mzee Agustino ameniambia unauliza kwa nini nilidanganya. Sikutaka kudanganya. Nilipofika dirishani mara ya kwanza dada aliuliza Kelvin nani, nikamgeukia Kelvin, amejikunja kwenye benchi kafumba macho. Akasema haraka mama, watu wanasubiri. Jina la katekista likanijia, nikalisema. Mara ya pili nilisema la kondakta aliyetushusha. Kadi ya kwanza niliiacha nyumbani kwa sababu niliogopa wakisoma wataniuliza Tomaso ni nani. Mara ya tatu sikukumbuka tena nilisema nini mwanzo, wala miaka mingapi. Wakati wa kurudi kupasuliwa walisema nije na ndugu na vitambulisho. Kelvin alikuwa amepewa dawa, kichwa kikapoa, akasema tungoje. Mimi nilikubali kungoja kwa sababu nilikuwa naogopa lile dirisha. Hilo nimemwambia Mungu, sasa nakuambia wewe.

Sasa hanioni. Ananijua kwa mkono. Juzi alimshika ndama akasema huyu mweusi, kumbe ni mwekundu, na sisi wote tukasema ndiyo, mweusi.

Dada, nitafanya kila kitu. Damu nitatoa. Nitafagia hospitali yenu, nitalala chini mwezi mzima. Ila yule mzee amenipokea nikiwa binti mdogo, hajawahi kunipandishia sauti. Kumtaja mbele ya watu na mhuri, kinywa changu hakiwezi. Nimejaribu porini peke yangu, kwa ajili ya Kelvin. Sauti haikutoka. Usinione mjinga. Kama kuna njia nyingine naomba uitafute.

Ni mimi,
Scolastica


Dar es Salaam,
14 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Kaa kwenye kiti, mwambie Tekla aache ndoo, nisimulie vizuri.

Njia nyingine niliitafuta wiki nzima. Nilimwomba wakili, nilimwomba mkuu wa kumbukumbu, wote wananiambia dada, sheria ni sheria. Nilikwenda kuwapokea stendi sina jibu mkononi. Kelvin akashuka, kamshika Scolastica bega. Nilimwita, akageuza uso upande wa sauti, akapiga mluzi. Nikalia ovyo, kama anavyosema. Wakashuka wale ndugu wawili. Halafu kondakta akasema, "Mzee, taratibu, ngazi hiyo," na nikaona fimbo inatangulia.

Gidahosh, Mjomba! Na shuka lake na makubadhi ya tairi, mtu ambaye hajawahi kuvuka Babati. Nilimwamkia, akaniwekea mkono kichwani, hakuniuliza habari za safari wala za joto. Aliuliza, "Mahali pa kusema majina ni wapi?"

Kesho yake tukaenda kwa wakili. Wakili akamwita Scolastica, nikamwambia aliyekuja kuapa ni baba mzazi, akakubali. Mzee akamwambia Scolastica neno moja la Kidatoga, lugha yao, na yule dada akatoka nje, akaenda hadi kwenye tangi la maji, akajifunika kitenge masikioni. Mzee akangoja mpaka amemwona amefika. Ndipo akasimama mbele ya meza.

"Jina ni langu," akasema, "nimelileta mwenyewe. Mimi ni Gidahosh. Huyu ni Kelvin, mtoto wa Gidahosh, ndiye Safari. Hao kina Tomaso, Ignasi na Onesphory mnaowasema ni watu wa kwetu. Kama majina yao yalimfikisha mwanangu kwenye mashine zenu, nawashukuru." Wakili akaacha kuandika, akamtazama. Mzee akabonyeza dole gumba, akauliza kama inatosha au aseme tena.

Walimpasua Alhamisi, kwa saa nane nzima. Mzee alikataa kiti, alikaa chini uani. Saa ya sita akaniambia nikuandikie hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie Agustino niliondoka kwenda kwa ng'ombe kwa sababu sikutaka anione nalia. Yeye alikosea mara moja. Mimi nina wakwe wanne, na sijawahi kujiuliza wanasema nini wakifika hospitali. Aje, maziwa yapo." Nadhani umeelewa. Nami nitakuja. Nimeomba likizo ya Juni, siyo Krismasi. Nataka kulala Tumati, halafu twende Gendabi wote wawili.

Jedwali nimelisahihisha mwenyewe. Gendabi: mmoja.

Ila hilo silo nililotaka kukuambia. Jumamosi aliamka. Uvimbe umetoka wote. Jicho la kulia halitarudi, la kushoto linahesabu vidole. Sisi tumesimama pembeni ya kitanda, mimi na Scolastica, mzee yuko uani na wale ndugu. Nesi akaja kumpima fahamu, wanavyowauliza wote waliopasuliwa kichwa. "Kaka, unaitwa nani?"

Akailamba midomo iliyokauka. Halafu akasema polepole, jina lake lote.

Nesi alikuwa ameshika faili lenye jalada la zamani, bado limeandikwa Onesphory. Akakunja uso, akaona labda kichwa hakijakaa sawa. Akamgeukia mke wake. "Mama, hebu niambie wewe. Ni kweli? Ndilo jina lake hilo?"

Scolastica akafunika mdomo kwa kitenge, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, na tena. Nesi akaandika.

Mwanao,
Fausta